Nusu ya Pigano: Kung Fu Ilivyofika Sebuleni

Mwaka 1949, mjini Hong Kong, mwongozaji Wu Pang alitengeneza filamu kuhusu tabibu na mwalimu wa ngumi aliyefariki miaka 24 tu kabla ya hapo. Tabibu huyo, Wong Fei-hung, alizaliwa Foshan kusini mwa China mwaka 1847, akafungua duka la dawa mjini Guangzhou na kufundisha mtindo wa Hung Gar. Waliomwona kwa macho walikuwa bado hai. Mashujaa waliomtangulia kwenye sinema ya Kichina walikuwa watu wa hadithi, wanaopaa juu ya mapaa na kurusha miale kutoka viganjani, miale iliyochorwa kwa mkono juu ya utepe wa filamu. Wong Fei-hung hakupaa. Alisimama chini, miguu imetanuliwa, magoti yamekunjwa kama aliyepanda farasi, na kutoka hapo akapiga.

Wu Pang alitaka ngumi zenyewe ziwe za kweli, kwa hiyo aliwatafuta watu waliozijua. Nafasi ya shujaa alimpa Kwan Tak-hing, mwigizaji wa opera ya Kikantoni, ambaye baadaye aliendelea kuigiza tabibu huyohuyo katika filamu zaidi ya 70. Nafasi ya adui ilimwangukia Shih Kien, yule mzee ambaye kwetu tulimjua miaka mingi baadaye kama Han, bwana wa kisiwa katika Enter the Dragon. Na miongoni mwa wapiganaji alikuwemo Lau Cham. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, na Lam Sai-wing alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung mwenyewe. Mbele ya kamera Lau Cham alimwigiza mwalimu wake. Mwanawe, Lau Kar-leung, aliyefunzwa na baba tangu utotoni, akaanza kupata vijisehemu vya kupigana na kuanguka katika mfululizo huohuo.

Historia ya picha hizi kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya mastelingi: Bruce Lee, kisha Jackie Chan, kisha Jet Li. Mimi karibu zote nimezitazama nyumbani, na ukizitazama nyumbani kwa miaka mingi unaona uzi mwingine unaozishika. Ni habari ya upana wa picha: nani aliipiga kwa upana gani, nani akaikata ili ienee kwenye televisheni zetu, na nani akaturudishia kilichokatwa. Katikati ya habari hiyo yupo Lau Kar-leung.

Upana huo ulitoka kwenye studio ya ndugu wa familia ya Shaw, walioanzia Shanghai mwaka 1925 kwa kampuni ya Tianyi, kisha wakajenga mtandao wa majumba ya sinema Singapore na Malaya. Mmoja wao, Run Run Shaw, alihamia Hong Kong mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwenye miteremko ya Clearwater Bay akajenga studio aliyoiita Movietown. Jina liliistahili. Palikuwa na majukwaa ya kupigia picha, mitaa ya kale iliyosimamishwa kwa mbao na rangi, karakana za mavazi na silaha, maabara ya kusafishia filamu, na mabweni walimoishi waigizaji na mafundi. Mtu aliweza kuamka, kuvaa joho la karne ya kumi na saba, kupigana mpaka jioni na kurudi kulala bila kutoka nje ya geti.

Studio hiyo ilipiga picha zake kwa lenzi pana, na mfumo wake ukaitwa Shawscope. Upana wa picha ulikuwa zaidi ya mara mbili ya kimo chake. Kwa hadithi ya mapenzi upana huo ni mapambo tu. Kwa pigano la fimbo ni jambo jingine kabisa, kwa sababu watu wawili wenye fimbo ndefu husimama mbali, na anayetaka kuonyesha utosi wa huyu, unyayo wa yule na nafasi ya hatari iliyo katikati yao anahitaji picha yenye mbavu ndefu. Hung Gar inazidisha haja hiyo. Ni mtindo wa kusimama chini na imara, nguvu yake inatoka kwenye miguu na kiuno. Ukikata miguu umekata nusu ya elimu.

Mwaka 1967 Chang Cheh aliongoza The One-Armed Swordsman, habari za kijana aliyekatwa mkono na kujifunza upya upanga kwa mkono uliobaki. Ikawa ya kwanza kuingiza dola milioni moja za Hong Kong kwenye soko la hapo. Mapigano yalipangwa na Lau Kar-leung pamoja na mwenzake Tong Gaai, na wawili hao wakawa mikono ya Chang Cheh kwa miaka iliyofuata. Tarehe 19 Novemba mwaka huohuo, kituo cha televisheni cha TVB kilianza kurusha matangazo ya bure mjini Hong Kong, na Run Run Shaw alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Mtu yuleyule aliyekuwa akijaza majumba ya sinema kwa picha pana alikuwa anaingiza majumbani kioo ambacho umbo lake lilikaribia mraba. Sidhani kwamba siku ile kuna mtu aliyelifikiria hilo.

Kisha akaja Bruce Lee, na habari zake zinajulikana kiasi kwamba nitazipitia mbio. Raymond Chow aliondoka kwa Shaw mwaka 1970 na kuanzisha Golden Harvest. The Big Boss ikatoka mwaka 1971, Fist of Fury na The Way of the Dragon mwaka 1972. Tarehe 20 Julai 1973 alifariki akiwa na umri wa miaka 32, mwezi mmoja kabla ya Enter the Dragon kutolewa Marekani. Huko Marekani mlango ulikuwa umeshafunguliwa na picha ya Shaw: Five Fingers of Death ya Lo Lieh, iliyosambazwa na Warner Bros. katika miezi ya kwanza ya 1973.

Kwetu picha hizi zilifika kwanza kwenye majumba ya sinema ya miji: Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga, Mombasa, Nairobi, Kampala. Vijana walitoka ukumbini wakirusha mateke njiani, na vipande viwili vya mpini wa fagio vilivyounganishwa kwa mnyororo vikawa nanchaku. Kuna jambo moja la miaka ile ambalo halisemwi sana. Mafundi wa Kichina walikuwa wakijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kuanzia mwaka 1970. China yao ilikuwa ndani ya Mapinduzi ya Utamaduni, na picha za kung fu za Hong Kong, koloni la Waingereza, hazikuonyeshwa huko. Kijana wa Kariakoo aliyekuwa amemwona Bruce Lee alikuwa ameona picha ya Kichina ambayo fundi aliyetandika reli asingeweza kuiona kwao.

Nampenda Bruce Lee kama mtu mwingine yeyote. Lakini naamini picha zake ni za ukumbini. Anachofanya ni kuwepo: anavua shati, anatulia, anatoa ule mlio, na watu mia tano wanapiga kelele pamoja. Mapigano yake ni mafupi, mara nyingi adui ameshaanguka kabla hujajua alipigwa wapi. Ukiwa peke yako sebuleni saa nne usiku, zile kelele za watu mia tano hazipo, na pengo lao linasikika. Picha za Lau Kar-leung ni kinyume chake. Zinafunguka kadiri unavyozirudia.

Lau alipata kuongoza picha yake ya kwanza, The Spiritual Boxer, mwaka 1975, baada ya miaka mingi ya kuwapangia wengine mapigano. Mwaka uliofuata akarudi kwa babu wa ukoo wa elimu yake: Challenge of the Masters ni habari za Wong Fei-hung akiwa kijana, na aliyemwigiza ni Gordon Liu, ambaye Lau Cham alimchukua kama mwana na kumpa jina la ukoo, Lau Kar-fai. Mwaka 1978 wawili hao wakatoa The 36th Chamber of Shaolin, na hapa lazima tutulie kidogo.

San Te ni mwanafunzi wa chuoni ambaye watu wake wameuawa na utawala wa Wamanchu. Anakimbilia hekalu la Shaolin akitaka kujifunza kupigana ili alipize. Anawekwa mwaka mzima akifanya kazi tu. Anaporuhusiwa kuchagua chumba cha mafunzo anachagua cha juu kabisa, anakuta watawa wakisoma maandiko, na anatupwa nje. Basi anaanzia chini kabisa. Chumba cha kwanza ni njia ya kwenda kula: kati ya watawa na chakula kuna bwawa, juu ya maji linaelea furushi la magogo, na anayetaka wali lazima akanyage hapo na kuruka bila kulowa. San Te anatumbukia. Anafika mezani amechelewa na maji yanamtiririka, chakula kimekwisha.

Baadaye anapewa ndoo mbili za maji azipandishe mteremko, mikono imenyooshwa pembeni. Chini ya kila mkono, karibu na kwapa, kimefungwa kisu, ncha imeelekea mbavuni. Mkono ukilegea, kisu kinaingia. Lau hatuambii jambo hili kwa maneno. Anaiweka kamera mbali kiasi cha kuona ndoo zote mbili na mwili mzima, anamwacha Gordon Liu apande, na sisi tunaangalia mabega. Kisha kuna kengele inayopigwa kwa nyundo nzito iliyo kwenye ncha ya mti mrefu, mti unaoshikwa kwa kifundo cha mkono. Kuna taa inayoyumba ambayo mtawa anaifuata kwa macho bila kugeuza kichwa, vijiti vya ubani vinavyowaka vikiwa kushoto na kulia kwa uso. Kuna magunia ya mchanga yanayopigwa kwa paji la uso. Sehemu kubwa ya katikati ya picha ni hii. Adui hayupo. Hakuna anayekufa. Watayarishaji wengi wangeifupisha iwe dakika tano za muziki, na Lau akaifanya kuwa ndiyo picha yenyewe.

Nyumbani hiyo ndiyo sehemu inayotazamwa mara nyingi zaidi, na sababu yake iko wazi. Mtu anaweza kusimamisha picha na kusimama mwenyewe. Nimewaona watoto wakiondoa meza katikati ya chumba, wakashika chupa mbili za maji na kunyoosha mikono mpaka mabega yakawaka. Dakika moja inatosha kumwambia mtoto kwamba yule mtu kwenye kioo alifanya kazi kweli.

Sasa tufike kwenye mkanda wa video. Sony ilitoa Betamax mwaka 1975, na JVC ikatoa VHS mwaka 1976. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na Kenya na Uganda zilianza mapema zaidi. Kwa hiyo Bara lilitokea jambo la pekee: kioo kiliingia katika nyumba nyingi kwa ajili ya kanda. Watu walinunua televisheni isiyo na matangazo ya kupokea, wakaiunganisha na deki, na mara nyingi kilichowekwa ndani ya deki ilikuwa ama picha ya Kihindi ama picha ya ngumi. Nyumba yenye deki ilikuwa nyumba ya mtaa mzima. Vibanda vya video vikazaliwa hapohapo, benchi, pazia jeusi dirishani na spika nje.

Na hapo ndipo pigano lilipokatwa. Picha ya Shawscope haienei kwenye kioo cha televisheni cha wakati ule. Waliohamisha filamu kwenye kanda walikuwa na njia mbili: kuiacha ilivyo, na michirizi mieusi juu na chini, au kuikuza mpaka ijaze kioo na kutupa mbavu zake. Walichagua kuijaza. Kilichotupwa ni zaidi ya asilimia 40 ya picha. Yeyote aliyekulia kwenye kanda hizo anakumbuka matokeo hata kama hakujua sababu. Mabwana wawili wanazungumza, mmoja yuko pembe ya kushoto na mwingine ya kulia, na kioo chako kinakuonyesha meza, birika la chai na ncha za pua mbili. Ncha ya fimbo inaingia kutoka upande wa kulia, inampiga stelingi, inatoweka, na mwenye fimbo humwoni. Mara nyingine mtambo unajaribu kusaidia kwa kuteleza kushoto na kulia kumfuata anayepiga, na mpangilio ambao Lau aliujenga kwa siku nyingi unageuka kuwa kizunguzungu. Tulidhani ndivyo picha za kung fu zilivyo. Wapo wahakiki walioziona hivyohivyo na kuandika kwamba zilitengenezwa ovyo.

Sauti nayo ilikuwa na mambo yake, na hapa nawatetea watu wa kwetu. Hong Kong ya miaka ile ilipiga picha bila kurekodi sauti papo hapo. Maneno, hatua, vishindo vya ngumi na hata upepo wa mikono ya majoho vilitiwa baadaye studioni. Waigizaji wa Kikantoni walitiwa sauti za Kimandarini na watu wengine, kisha picha hiyohiyo ikatiwa Kiingereza kwa soko la nje. Picha nyingi za Shaw hazina sauti moja ya asili inayoweza kuharibiwa. Basi marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipokaa Dar es Salaam na kusimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, akimpa kila mtu sauti yake na kutueleza kilichokuwa moyoni mwa adui, DJ Afro alipofanya hivyo Kenya kwa lugha ya mtaani, na VJ Jingo alipofanya hivyo Uganda kwa Kiganda, waliendeleza kazi ambayo Hong Kong yenyewe ilikuwa ikiifanya. Mpenzi wa picha anayewadharau hajui picha hizi zilivyotengenezwa. Mtu asiyesoma Kiingereza wala Kichina aliifuata hadithi ya San Te kwa sababu yao.

Katika nchi nyingine mkanda huohuo uliokatwa ulifanya kazi ya ajabu. Vijana wa Staten Island, New York, walioona picha hizi kwenye kumbi za 42nd Street na kwenye televisheni, walitoa mwaka 1993 albamu ya kundi lao, Wu-Tang Clan, ambayo jina lake limebeba vyumba 36. Quentin Tarantino, aliyefanya kazi katika duka la kuazimisha kanda huko Manhattan Beach, California, alifungua Kill Bill ya mwaka 2003 kwa nembo ya Shawscope, na ndani yake akampa kazi Gordon Liu. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alikua akisikia ndugu zake wakimsimulia mapigano waliyoyaona, na kutokana na masimulizi hayo akaja kuanzisha Wakaliwood, ambako mwaka 2010 alitengeneza Who Killed Captain Alex? Nabwana alijenga sinema juu ya mapigano ambayo kwanza aliyasikia kwa masikio tu.

Hong Kong kwenyewe Movietown ilikuwa inazimika. Run Run Shaw alikuwa mwenyekiti wa TVB tangu 1980, fedha zilikuwa kwenye televisheni, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 studio iliacha kutengeneza filamu na majukwaa yakatumika kwa tamthilia. Moja ya kazi kubwa za mwisho ilikuwa The Eight Diagram Pole Fighter ya Lau, iliyotoka mwaka 1984. Wakati wa kuipiga, Julai 1983, Alexander Fu Sheng, aliyekuwa nyota mwenza, alifariki kwa ajali ya gari. Hadithi ikabidi ibadilishwe. Yule ndugu aliyeigizwa na Fu Sheng anatoweka katika picha akiwa amerukwa na akili kwa msiba, hatumwoni tena, na kazi yote ya kulipiza inamwangukia Gordon Liu. Pigano la mwisho juu ya lundo la majeneza ni zito kuliko jingine lolote ninalolijua la Shaw. Kila anayepigana pale anaonekana amefiwa, na walikuwa wamefiwa kweli.

Baada ya hapo picha zikafungiwa ghalani. Kwa miaka mingi Shaw hakuziachia kwa utaratibu kwenye soko la video, na kilichozunguka duniani zilikuwa nakala za nakala: kanda iliyorekodiwa kutoka kanda, rangi nyekundu imevuja, nyuso zimekuwa madoa, na bado mbavu zimekatwa. Zilipokuja VCD, mfumo uliowekwa mwaka 1993, zilibeba uchafu uleule kwenye sahani mbili, kwa kuwa moja haikutosha filamu nzima. Mlinyanyuka katikati ya pigano kubadilisha sahani.

Mwaka 2000 kampuni ya Celestial Pictures ilinunua hazina ya Shaw, filamu zaidi ya 760, na kuanza kuzisafisha. Kuanzia mwishoni mwa 2002 zikaanza kutoka kwa DVD, kwa upana wake kamili, rangi zimerudi. Kwa wapenzi wa picha hizi duniani kote huo ulikuwa mwaka wa kujua tena walichodhani wanakijua. Ile ncha ya fimbo iliyokuwa ikiingia kutoka kusikojulikana ikawa na mwenyewe: mtu mzima, kuanzia kilemba hadi kiatu, mguu wa nyuma umenyooka, kiuno kinazunguka kabla ya mkono. Nilipoiona The 36th Chamber hivyo, jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa mtawa mwenye panga mbili fupi, yule anayemshinda San Te tena na tena. Kwenye mkanda alikuwa kelele na mng'aro. Kwenye picha kamili unaona anavyopima umbali kwa hatua ndogondogo, na unaelewa kwa nini San Te anakwenda kwenye msitu wa mianzi, anaitazama mianzi iliyokatika, na kutoka huko anarudi na fimbo ya vipande vitatu vilivyoungwa kwa minyororo. Ile fimbo ni jibu la umbali. Mwenye panga fupi anahitaji kukaribia, na silaha ile inamzunguka kutoka nje ya uwezo wake. Swali lenyewe lilikuwa limekatwa, tukabaki miaka yote tukishangilia jibu.

Hapo ndipo kutazama nyumbani kunapokuwa na maana yake kamili. Ukumbini picha inapita mara moja. Nyumbani una kitufe cha kurudisha nyuma, na picha za Lau zimebeba kinachostahili kurudiwa. Yeye huacha kipande kimoja kirefu, mapigo mengi mfululizo bila mkato, watu wawili wanajibizana mpaka wanapoishiwa pumzi. Ukihesabu kuanzia mkato hadi mkato unaanza kuona nidhamu iliyotakiwa: mmoja akikosea pigo la mwisho, wote wanarudi mwanzo. Katika My Young Auntie ya 1981 kazi hiyo ilimwangukia Kara Hui, mwanamke aliyeanzia kwenye dansi. Anapigana amevaa gauni la kubana lililopasuliwa pembeni, katika viatu vya visigino, na tuzo za kwanza za filamu za Hong Kong, mwaka 1982, zikamtangaza mwigizaji bora wa kike. Jackie Chan alielewa haja hiyo ya kurudia akaiweka ndani ya picha zenyewe: katika Police Story ya 1985, anapojirusha kwenye nguzo ya dukani na kuteremka huku taa zikipasuka, tunaonyeshwa mruko huo zaidi ya mara moja, kutoka pembe tofauti, na mwishoni tunaonyeshwa walivyoumia. Alijua mtazamaji angeomba.

Leo vipande vya mapigano haya vinazunguka kwenye simu, na simu inashikwa wima. Wanaovikata wanakata tena mbavu zilezile ambazo Celestial ilihangaika kuzirudisha, mkato mbaya kuliko ule wa kanda, na maoni chini yake yanasema picha za zamani zilikuwa na mapigano ya karibu karibu. Inanisikitisha, na kila ninapokutana nalo namwambia mtu huyo aitafute picha nzima, ailaze simu yake, au aitazame kwenye runinga pana. Hizi za siku hizi zimekaribia umbo la Shawscope, zinabakisha mchirizi mwembamba tu juu na chini.

Anayeniuliza aanze na ipi akiwa na familia namtajia Heroes of the East, ya mwaka 1978, mwaka uleule wa San Te. Gordon Liu, safari hii ana nywele, ni Ho Tao, kijana tajiri aliyeozeshwa binti wa Kijapani. Nyumba ya maharusi haina utulivu kwa sababu bibi harusi anafanya mazoezi ya karate uani na kuvunja vitu, na kila ugomvi wa ndoa unageuka kuwa mashindano ya silaha, yeye na za kwao, mume na za kwake. Anaporudi Japani kwa hasira, barua ya mume inaeleweka vibaya kama tusi kwa mabingwa wote wa huko, na mabingwa saba wanavuka bahari kuja kumkabili mmoja baada ya mwingine. Panga kwa panga, mkuki kwa mkuki, mpaka mtindo wa kaa wa Yasuaki Kurata unapokutana na mtindo wa korongo. Wakati ule Wajapani katika picha za Hong Kong walikuwa karibu daima waovu wa kuuawa. Lau aliwafanya mabingwa wenye heshima yao, na katika picha nzima ya mapigano hafi mtu hata mmoja.

Katikati Ho Tao anahitaji ngumi ya mlevi ili amkabili bingwa wa karate, na haijui. Mlevi mmoja anayeijua, So, hataki kumfundisha. Ho Tao anawatuma watumishi wake wamchokoze mzee huyo barabarani, naye anakaa pembeni akiangalia: jinsi anavyoyumba, anavyoangukia kwenye pigo, anavyosimama kwa kisigino kimoja. Anayemwigiza So ni Lau Kar-leung mwenyewe, na kamera iko mbali vya kutosha kumwonyesha kuanzia utosi hadi nyayo. Asubuhi yake Ho Tao anaingia ulingoni akiyumba, na bingwa wa karate hajui amkamate wapi.